Kwa Nini Daktari Kijana Alipwe Kufanya Utafiti?

Juzi tulipokuwa tukizungumza na kikundi kimoja juu ya kansa ya watoto, mama mmoja alituuliza: "Mnasema ng'ambo watu wanachanga pesa za kumlipa daktari ili afanye utafiti. Na mtoto wangu alikosa nauli ya kufika hospitali. Hiyo ni haki?" Tulinyamaza. Hebu sasa tujaribu kumjibu.

Tuanze hapa kwetu. Iko kansa ya watoto inayovimbisha taya, na hupatikana zaidi kando ya Ziwa Victoria na huko Pwani. Inaitwa Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari kuukuu, wakasafiri maili 10,000 hivi kwa wiki 10, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: "Uvimbe huu mmeuona?" Pesa alizopewa kwa kazi hiyo zilikuwa kidogo sana. Lakini wakagundua kwamba ugonjwa uko pale penye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria.

Mwaka huo huo, huko London, Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia. Akaanza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Alitafuta muda mrefu bila kuona kitu. Ndipo akapata dola 45,000 kutoka taasisi ya kansa ya serikali ya Marekani, akaweza kuajiri wasaidizi. Mmoja wao ni Yvonne Barr, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa utafiti. Mwaka 1964 walitangaza virusi vipya, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Bila mshahara wa yule kijana, jina lake lisingekuwa pale.

Ndiyo maana ya ufadhili huu. Daktari kijana wa watoto ana wagonjwa tangu asubuhi mpaka usiku. Akitaka kutafiti, nani atamlipa? Kampuni za dawa haziharakishi, kwa sababu watoto wenye kansa ni wachache kuliko watu wazima, na faida ni ndogo. Basi mfadhili humlipa mshahara miaka miwili au mitatu ili apate nafasi ya kutafiti.

Na wafadhili wengine ni watu wa kawaida tu. Tarehe 17 Machi 2000, huko New York, wafanyabiashara wa bima walinyolewa vichwa hadharani huku marafiki wakichanga. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la St. Baldrick's, ambalo limewalipia madaktari vijana wengi. Kwetu kunyoa kichwa ni habari ya msiba. Wao wananyoa ili wafanane na watoto waliopoteza nywele kwa dawa. Lakini hiyo ni harambee, hata kama hawaiiti hivyo.

Sasa turudi kwa yule mama, maana hatutaki kumdanganya. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye kansa hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haitokani na ukosefu wa utafiti peke yake. Dawa nyingi zilishagunduliwa, ila mtoto huchelewa kufika, au familia huacha matibabu katikati pesa zikiisha. Kwa hiyo nauli yake ina uzito sawa na mshahara wa daktari. Tena kuna kasoro nyingine: pesa nyingi za utafiti hubaki huko huko zilikochangwa. Afadhali tangu 2016 Makerere wanafundisha madaktari wa kansa ya watoto kwa miaka miwili, wakiwemo wanaotoka nchi jirani. Hao ndio watakaouliza maswali yetu, kama hili la kuchelewa.

Na kuchelewa kwa Burkitt ni hatari, kwa maana uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, msikubali kung'oa jino na kungoja. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo, mkiomba barua ya rufaa. Kikundi chake yule mama kimeanza kuweka kando shilingi 20 kwa kila mwanachama kila mkutano, kwa nauli ya mtoto mgonjwa. Mweka hazina ana daftari lake peke yake kwa pesa hizo, na haziruhusiwi kukopeshwa.