Pole Zilizotangulia Msiba

Ilikuwa saa mbili usiku ilipoingia picha ya baba mkubwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, amevaa kanzu, na chini yake maneno matatu: "Mzee hatunaye tena." Ndani ya robo saa pole zilishafika thelathini na kitu. Ya nne ilikuwa yangu. Shangazi aliyeko Tanga alikuwa ameshaanza kuulizia basi la alfajiri. Aliyekumbuka kupiga simu ni binamu yetu mdogo kuliko wote, na simu ikapokelewa na baba mkubwa mwenyewe, yuko mezani anakula.

Aliyefariki ni jirani yake. Kijana mmoja alisikia jina, akadhani ni baba mkubwa. Simlaumu sana kijana yule. Sisi wengine wote tulikuwa na namba ya mzee mkononi, kwenye simu ileile tuliyoandikia pole. Kinachoniuma hadi leo ni binti yake aliyeko Muscat: alisoma rambirambi zetu akiwa kazini, akaanguka.

Nimejiuliza mara nyingi niliharakia nini. Jibu ni kwamba kwetu anayechelewa kutoa pole huonekana hana utu. Haraka yangu ilitokana na heshima, si ubaya, na ndiyo maana sikuishtukia.

Haraka kama hiyo, isiyo na ubaya moyoni, iliua watu India. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, umati uliwapiga wapita njia watano hadi kufa kwa kuwashuku ni wezi wa watoto. Miezi ile nchi nzima ilikuwa imejaa uvumi wa aina hiyo. Video mojawapo iliyozunguka sana ilionyesha watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Kumbe ni igizo lililotengenezwa Karachi, Pakistan, kuwahimiza wazazi wawe macho, na mwishoni mtoto anarudishwa. Mtu alikikata kipande hicho cha mwisho. Naamini wengi walioifowadi walikuwa baba na mama wenye watoto wao ndani, wakitaka kuwaonya wenzao.

Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya makundi au watu unaoweza kuwafowadia ujumbe kwa mkupuo, kutoka 20 hadi 5 duniani kote. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ilisema baadaye kwamba ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezuiwa kuutuma. Aliyetaka aliweza kurudia mara mia. Ila kurudia kunachosha kidole, na katika uchovu huo mdogo watu waliacha. Nalitazama hilo kwa huzuni, maana linaonyesha jinsi mambo mengi tunayosambaza tusivyoyajali kiasi cha kuyahangaikia mara ya pili.

Kwenye kundi letu, siku hizi habari ya msiba hutolewa na aliyepo nyumbani kwa wafiwa, kwa sauti yake. Mwezi uliopita iliingia nyingine, ya maandishi tu. Kundi lilitulia. Dakika moja, mbili, sita. Kisha binamu yuleyule akaandika: "Nimeongea na mama mdogo. Ni kweli." Hapo ndipo pole zikaanza.