Jinja: Mji wa viwanda uliozaliwa na Mto Nile

MAJI ya Mto Mara yanayoingia Ziwa Victoria karibu na Musoma yana mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja, nchini Uganda, ambako Mto Nile huanza safari yake.

Hapo ndipo mwaka 1954 Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipozindua bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Maporomoko ya Ripon, ambayo msafiri Mwingereza John Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama.

Katika viwanda vya kale vya nguo vya Uingereza, mto ulizungusha gurudumu la kinu moja kwa moja. Jinja, maji yalizalisha umeme kwanza, na umeme huo ndio uliovuta wenye mitaji. Kiwanda cha Nytil kilisokota pamba ya wakulima wa Uganda. Shaba ya Kilembe ilisafirishwa kwa reli kutoka Kasese, magharibi kabisa mwa nchi, ili iyeyushwe Jinja.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, waliomiliki viwanda na maduka mengi mjini humo. Mashine zilibaki, lakini mitaji na ujuzi viliondoka. Mgodi wa Kilembe uliposimama miaka ya 1980, tanuri la Jinja nalo likazimika.

Nytil ilinusurika chini ya wamiliki wapya. Mwaka 2020 Jinja ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na hapo ndipo penye hatari: viwanja vikipanda bei, ghala la zamani huonekana kama nafasi iliyopotezwa bure. Bwawa bado linazalisha umeme.