Riziki Ikomayo Langoni: Biashara ya Watalii Ngomeni na Mji wa Kale

Msomaji aliyezaliwa kisiwani, au aliyepata kukaa Kibokoni ama Kuze walau mwaka mmoja, hana haja ya kuelezwa jinsi siku ya utalii inavyokwenda Mombasa. Mabasi madogo hutoka hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu asubuhi, na yale ya Diani huchelewa yanapongojea kivuko cha Likoni. Wageni huteremshwa mbele ya Ngome ya Yesu, huingia, hutoka, hupitishwa Ndia Kuu kwa mwendo wa haraka, kisha hupelekwa Marikiti kunusa viungo, hupigwa picha chini ya Pembe za Moi Avenue, na mwisho hufikishwa Changamwe kutazama Wakamba wakichonga, hata ifikapo adhuhuri aghalabu wamekwisha rejea hotelini kula chakula walichokilipia tangu walipokuwa kwao Ulaya.

Juu ya saa hizi chache wameegemea watu wengi kupita wanaoonekana: waongozaji, madereva wa teksi na tuktuk, wauza leso na vikoi, wauza madafu, wapishi wa mahamri na viazi vya karai, na wenye nyumba ambao kuta zao na roshani zao ndizo zitazamwazo. Kwa hiyo si jambo la anasa kuuliza fedha ya mgeni huingia mlango gani na hutokea wapi.

Ofisa mmoja ajuaye hesabu za turathi za mji huu, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alituwekea tarakimu mbili akiamini kwamba zatosha kuonyesha utajiri tulio nao. Ngome, iliyoandikwa katika orodha ya Turathi za Ulimwengu mwaka 2011, ina eneo la hekta 2.36, Mji wa Kale una takriban hekta 72. Tulizigeuza tarakimu hizo huku na huku, na kila tulipozigeuza zilitwambia kinyume cha alichokusudia mwenyewe. Tikiti hukatwa katika zile hekta mbili na kitu, ambamo mna lango, mlinzi na hesabu. Zile sabini zilizobaki hazina lango wala mfuko, ilhali mgeni huzitembea na kuzipiga picha kwa furaha ileile, wala hapana senti ya ile tikiti imfuatayo akitoka nje na kugeukia mtaani. Ngome bila ya mji ni mawe tu, na historia yenyewe yashuhudia: Waomani walipoizingira kutoka Machi 1696 hata Disemba 1698, waliokuwamo ndani waliangamizwa zaidi na maradhi kuliko mizinga, kwa kuwa walikatwa na watu na vyakula vya nje.

Ofisa huyo huyo alisema kwamba idadi ya waingiao Ngomeni inapanda. Hatuna sababu ya kumkadhibisha, walakini yafaa ijulikane hesabu hiyo inahesabu nini. Sehemu kubwa ya waingiao ni watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi kutoka bara, na ni jambo la kheri kubwa kwamba mtoto wa Kitui au wa Kakamega aione mizinga na Nyumba ya Waomani kwa macho yake. Lakini mtoto huyo hanunui kinyago, hakodi mwongozaji wala teksi, naye langoni ni kichwa kimoja sawa na mgeni wa Ujerumani. Kadhalika gari la moshi jipya, lililoanza safari zake mwaka 2017, limeongeza wageni wa Nairobi wakati wa likizo, na hao ni wageni wazuri, ila wengi wao hulala pwani ya kaskazini na huja Ngomeni alasiri moja tu. Idadi yaweza kupanda na riziki ikabaki palepale, na hilo ndilo tusilolisikia katika hotuba za wakubwa.

Tulikaa muda mrefu na mzee mmoja mwenye duka la vinyago katika Ndia Kuu, aliyetukaribisha kahawa tungu na kashata, akatwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi, kwamba adui yake si uhaba wa wageni, bali ni kamisheni. Mgeni, asema, hufungwa mkononi tangu garini: huambiwa asinunue njiani, kwamba bei za mtaani ni za ulaghai na kwamba wako wanyang'anyi wa mikoba, kisha hupitishwa mbele ya duka lake bila ya kusimama na kupelekwa penye duka kubwa lenye uwanja wa kuegesha mabasi, ambako fungu la bei humrudia aliyemleta. Ndia Kuu haina uwanja wa mabasi wala haitakuwa nao, kwani ilijengwa kwa mtu na punda wake. Mgeni afikaye dukani kwa mzee huyu ni yule aliyepotea njia au aliyekuja peke yake, na wa namna hiyo, ajapokuwa ndiye mnunuzi mwema kupita wote, huhesabika kwa vidole.

Insafu yataka tuseme kwamba yeye naye hulipa kamisheni, na alikiri pasi na kuulizwa mara mbili, kwa hoja kwamba asiyelipa hufunga duka. Lakini alipoeleza bidhaa zake ndipo tulipoona kwamba shida ina mzizi mwingine. Vinyago vyake vya mhugu na mpingo vyatoka kwa Wakamba wa Changamwe, mawe ya sabuni yatoka Tabaka huko Kisii, vyondo vyatoka Ukambani, na leso nyingi zatoka viwandani mbali na hapa. Mgeni aliyepita Nairobi amekwisha viona vyote. Kofia za mkono, zinazomchukua mshoni majuma kadhaa, amezificha kabatini, kwa kuwa mgeni akitajiwa bei ya haki hushtuka. Hiki ndicho kilichotuhuzunisha zaidi katika uchunguzi wetu wote: kwamba katika mji uliojengeka kwa tijara ya bahari, kitu cha Mvita hasa ndicho kisichopata mnunuzi.

Mzee huyo huhesabu maisha yake kwa misiba ya biashara: ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mwezi wa Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake na wageni wakaondolewa hotelini kwa ndege, na 2020, ugonjwa ulipofunga dunia. Mara zote tatu, asema, hoteli zilipewa pole na kufikiriwa misaada, na mtaa uliambiwa usubiri.

Wenye nyumba wana shauri lao. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na atakaye kubadili ukuta au mlango hana budi kuomba ruhusa. Kanuni hiyo ni njema, na lau isingekuwapo tungekuwa na maghorofa ya saruji hadi ukingoni mwa Bandari ya Kale. Walakini chokaa na boriti ni ghali, mafundi wa kuzitumia wamebaki wachache, na nyumba nyingi zina warithi kumi au ni za wakfu zenye kodi ndogo isiyotengeneza hata dari. Mwenye nyumba huachiwa sharti bila ya msaada, na ndipo mlango wa nakshi unapouzwa usiku kwa mnunuzi asiyetajwa, na mbao za kawaida zikatiwa mahali pake.

Si kwamba kwetu kumekosekana cha kuonyesha. Mwaka 1697, katikati ya mazingiwa yale, jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanná, lilizama chini ya Ngome. Wapiga mbizi walilichimbua kati ya 1977 na 1980, vitu vyake vikawekwa katika makumbusho, na mwili wake ukaachwa chini ya maji. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ilikuwa na jahazi kama hilo, Vasa, lililozama 1628 na kuopolewa 1961, nao wakalijengea nyumba ambayo leo ni makumbusho yaingiayo watu wengi kupita yote ya Skandinavia. Hatusemi tuliopoe letu, kwani gharama ni ya kutisha na mbao zaweza kuharibika zikitolewa. Twasema tu kwamba wageni wengi hutoka Ngomeni pasipo kujua kwamba limelala hatua chache kutoka waliposimama.

Kuhusu miezi ijayo, matumaini yanatundikwa juu ya meli za watalii, ambazo huja zaidi wakati wa kaskazi. Huenda zikaleta baraka. Lakini meli hukaa bandarini saa chache, na abiria wengi huwa wamekwisha lipia safari ya Tsavo kabla ya kutia nanga, hivi kwamba huuvuka mji mzima ndani ya basi. Yule mzee wa Ndia Kuu ameagiza mzigo mmoja tu wa mawe ya Kisii kwa msimu huo. Wa pili, asema, atauagiza atakapowaona wageni wakipita mlangoni pake kwa miguu.