Mzazi, tazama ncha kabla ya kununua vishale

Mchezo wa vishale humzoesha mtoto shabaha na hesabu za kutoa. Lakini mzazi, kijue kwanza kifaa chenyewe.

Kishale kina ncha, mwili mzito unaoshikwa kwa vidole, kijiti na mabawa. Uzito uko mbele, mabawa nyuma. Ndiyo maana hata kikirushwa vibaya hujinyoosha hewani na kutanguliza ncha. Hakichagui ubao wala mtoto aliyekatiza.

Nchini Marekani, vishale vikubwa vya kurushwa bustanini vilipigwa marufuku Desemba 1988, baada ya kuua watoto 3.

Kwa mtoto, chagua vya ncha ya plastiki na ubao wenye matundu, lakini msimamie: jicho huumia hata kwa plastiki. Vya sumaku havichomi, ila sumaku zikichomoka akazimeza, huvutana tumboni na kuweza kutoboa utumbo. Zikague kila mara.

Ubao usitundikwe karibu na mlango. Mmoja akienda kuchomoa vishale, wengine wangoje mpaka arudi nyuma ya mstari. Vya ncha ya chuma, fungia kabatini.