Kufikicha Macho na Madhara Yake kwa Konea

Mtu aamkapo asubuhi, au achokapo kusoma, huinua mkono akafikicha macho bila hata kufikiri. Tendo hilo likifanywa kwa wepesi na mara mojamoja, aghalabu halina madhara. Lakini wako watu, hasa watoto na vijana, wafikichao macho kwa nguvu mara nyingi kila siku, kwa miezi na hata miaka. Kwa watu hao tendo hilo dogo laweza kuidhuru konea.

Konea ni utando mwangavu ulio mbele ya jicho, unaoifunika mboni kama kioo cha saa kinavyofunika mishale. Wengi hudhani kwamba kazi ya kupinda miali ya nuru hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho peke yake. Kwa kweli takriban theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea. Hata hivyo unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Karibu asilimia 90 ya unene huo ni nyuzi za kolajeni, zilizopangwa katika matabaka yapatayo 200 au zaidi, mfano wa mikeka iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Mpangilio huo ndio unaoipa konea uangavu, na ndio unaoiwezesha kuhimili shinikizo la majimaji yaliyomo ndani ya jicho.

Kidole kikandamizapo jicho, shinikizo hilo hupanda ghafla. Seli za juu ya konea husuguliwa, na tabaka lake hupungua unene kwa muda. Aidha, jicho hutoa kemikali za uvimbe pamoja na vimeng'enya viwezavyo kuvunja kolajeni. Mambo hayo yakitokea mara moja, konea hujirekebisha. Yakirudiwa siku baada ya siku, nyuzi zake zaweza kulegea.

Konea iliyolegea hukonda, kisha husukumwa mbele na shinikizo la ndani mpaka ikawa na umbo la pia. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi, na daktari Mwingereza John Nottingham aliueleza kwa kirefu mwaka 1854. Mara nyingi huanza katika umri wa ujana. Mgonjwa huona herufi zikiwa na vivuli, taa za usiku humtawanyikia machoni, na miwani yake huhitaji kubadilishwa kila mara. Wataalamu hawajakubaliana iwapo kufikicha peke yake kwatosha kuleta ugonjwa huu, au ni lazima konea iwe dhaifu tangu awali kwa sababu ya urithi. Hata hivyo, uhusiano kati ya mambo hayo mawili umeonekana mara nyingi, na wako wagonjwa ambao jicho wanalolifikicha zaidi ndilo lililoharibika zaidi.

Yafaa basi kuuliza kwa nini mtu hufikicha macho. Sababu kubwa ni mwasho utokanao na mzio. Katika nchi za joto, zikiwemo za Afrika Mashariki, uko ugonjwa wa macho wa mzio uwapatao watoto, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Ndani ya kope zimo seli zenye vijifuko vya histamini, kemikali iletayo mwasho. Vumbi au chavua huzifanya seli hizo zimwage histamini. Na kufikicha nako huzifanya zimwage zaidi. Hivyo nafuu ya dakika moja huzaa mwasho mkali kuliko ule wa kwanza, na mkono hurudi tena jichoni.

Keratokonasi ikigunduliwa mapema, miwani au lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho husaidia. Ikizidi sana, konea hubadilishwa kwa kupandikiza nyingine. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Dresden, Ujerumani, walibuni njia ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na miali ya urujuanimno, na matokeo yake kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka 2003. Njia hiyo huzuia ugonjwa usiendelee. Haikusudiwi kuirudishia konea umbo lake la asili.

Kwa hiyo, mtoto afikichaye macho kila mara asikemewe tu kana kwamba ana tabia mbaya. Mwasho wake ndio utibiwe. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa, hupunguza mwasho. Na mtoto apelekwe kwa mganga wa macho. Mzazi asijinunulie dukani matone yenye steroidi, kwani yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi yaweza kuleta shinikizo la macho na mtoto wa jicho. Mwalimu naye amwonapo mwanafunzi akifikicha macho na kukodolea ubao, asimhesabu kuwa mvivu kabla macho yake hayajapimwa.