Kisukari si kadi nyekundu kwa dogo mwenye kipaji

JIONI ikifika Makumira, vijana wanaingia uwanjani. Anayekata pumzi mapema ataitwa mvivu. Akianza kutetemeka na kuongea ovyo, wapo watakaosema kalewa. Kumbe huenda sukari imeshuka.

Ndiyo hatari ya kijana mwenye kisukari aina ya kwanza, ambacho ni nadra kuliko kile cha watu wazima. Kongosho lake halitengenezi insulini, hivyo anajidunga kila siku. Hakukipata kwa kula pipi.

Beki wa Hispania, Nacho Fernández, aligundulika akiwa na miaka 12. Daktari wa kwanza alimwambia soka basi. Siku chache baadaye mwingine akamwambia asiache kucheza. Mwaka 2024 aliondoka Real Madrid na makombe 6 ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Siri ni hesabu. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari ya damu, huku insulini nayo ikiendelea kuishusha. Kabla ya mazoezi, dogo apime. Ikiwa chini ya 5, ale ndizi kwanza. Ikizidi 15 na anatapika au tumbo linauma, hakuna mazoezi, aende hospitali.

Mbio ndefu huishusha sukari haraka kuliko vyuma. Ndiyo maana anayefanya vyote siku moja hushauriwa aanze na vyuma. Jimu ya gharama si lazima: pushapu, mfuko wa mchanga au vyuma vya makopo ya zege vinatosha. Apime tena kabla ya kulala, maana sukari huweza kushuka usiku, saa kadhaa baada ya mazoezi.

Mezani, makande, mayai, maziwa na dagaa hujenga misuli. Ugali na ndizi si haramu, ila kiasi kiendane na insulini aliyopangiwa kliniki.

Kocha naye awe na sukari kwenye begi. Dogo akitetemeka na kutoka jasho jingi, amtoe, ampe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, wasubiri dakika 15, kisha apimwe. Akizimia, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali.

Tatizo kubwa ni siri. Dogo anayeogopa kutemwa hasemi kitu, na siku sukari ikishuka hakuna anayejua la kufanya. Kocha akiuliza mapema, bila kumtisha, atakuwa ameokoa mchezaji na maisha yake.