Sweta za Wanafunzi Zinavyotafutia Sufi ya Alpaka Soko

Mfugaji wa kondoo wa sufi katika nyanda za juu kama Nyandarua na Laikipia anaijua shida hii: kondoo wamenyolewa, magunia yamejaa, lakini mnunuzi anayelipa vizuri hapatikani. Wafugaji wa alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia asiye na nundu, wanaijua pia. Baadhi yao, wakiwemo wa Uingereza, wameamua kuwapelekea uzi wao wanafunzi wa ubunifu wa mavazi ili waufume sweta.

Kwao alpaka ni milima ya Andes, na Peru ndiyo yenye wengi zaidi duniani. Wengi wao hufugwa na familia za kipato kidogo zinazoishi zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mazao machache hustawi. Kwa kawaida hunyolewa mara moja kwa mwaka.

Uzi wa alpaka ni laini na una joto, tena hauna yale mafuta yanayonata mikononi mtu anaposhika sufi mbichi ya kondoo. Kasoro yake ni kwamba ukivutwa haurudi upesi. Sweta nzito ya alpaka tupu hurefuka kadiri inavyovaliwa, na ikitundikwa kwenye hanga ndiyo mbaya zaidi. Mwanafunzi huligundua hilo anapofuma kipande cha kujaribia, akakifua, kisha akakipima tena. Hapo ndipo anapojifunza kuchanganya uzi huo na sufi ya kondoo, au kufuma kwa kubana zaidi kiunoni na kwenye mikono.

Mwanafunzi huyo ndiye kesho atakayekuwa akiagiza uzi kiwandani, na ni vigumu kuagiza uzi ambao hujawahi kuushika.

Kuna pia suala la rangi. Alpaka huzaliwa weupe, weusi, wa kahawia na wa kijivu, lakini viwanda hupendelea weupe kwa kuwa sufi yao hupokea rangi yoyote. Hivyo wenye rangi wamekuwa wakipungua. Mbunifu anapotumia kahawia ya asili, anampa mfugaji sababu ya kumbakiza mnyama huyo zizini.

Hata hivyo, onyesho la mitindo peke yake halimlipi mfugaji. Mwaka 1836 Titus Salt, mfanyabiashara wa Bradford, alinunua marobota ya alpaka yaliyokuwa yamekosa mnunuzi huko Liverpool. Yalipata thamani baada ya yeye kutafuta namna ya kuyasokota, na mwaka 1853 akafungua kiwanda kikubwa cha Saltaire.

Hapa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti huduma za ufugaji pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Afisa wa mifugo na mwalimu wa kufuma sweta wako chini ya serikali moja, ilhali sweta nyingi za shule bado hufumwa kwa uzi wa akriliki.

Sufi chafu haisokoteki vizuri. Mfugaji anashauriwa kunyolea kondoo wake mahali safi na pakavu, kutenga sufi ya tumboni na miguuni, na kuihifadhi mbali na unyevu. Kwa ushauri zaidi, amwone afisa wa mifugo wa wadi yake.